Ramadhani 12: Mlango wa Nyumba Usioonekana



Alhamdulillah, tumefika siku ya 12. Jana tulizungumzia ulimi. Leo darasa letu litawashangaza baadhi yenu, maana linahusu kile kiboksi chenye vitaa kilichokaa juu ya kabati la TV au kilichotundikwa ukutani sebuleni. Ndiyo, rauta, hiyo hiyo inayotupa waifai.

Najua kuna mtu anauliza, "Rauta na Ramadhani wapi na wapi?" Nivumilie kidogo. Nitaanza na kisa changu mwenyewe, kisha tutaingia kwenye mafundisho na hatua za kufuata. Mwisho utaona kwa nini nimekileta hapa.

*KISA*

Ramadhani ya mwaka jana nilinunua bando la mwezi mzima la rauta. Hesabu yangu lingetufikisha Idi. Siku ya nane likaisha. Nikanunua jingine, nalo likaanza kuyeyuka kama barafu kwenye juisi ya futari.

Kijana wangu wa pili ana miaka 16 na anapenda mpira. Usiku baada ya Tarawehe nilikuwa namkuta kajiinamia na simu. Sikumuuliza. Nilikuwa najua, au tuseme nilidhani najua. Magharibi moja, tende ziko mkononi, tunasubiri adhana, nikamnyang'anya simu mbele ya mama yake na dada zake. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akasema, "Baba, wallahi si mimi." Nikamjibu asiape uongo hali amefunga.

Simu yake nikaizima, nikaifungia kabatini kwangu. Siku ya nne tangu niifungie, bando la pili likaisha.

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Jioni ile mpwa wangu alikuja kufuturu kwetu. Nikamweleza. Akaniuliza, "Mjomba, umeangalia ni kina nani wameunganishwa kwenye rauta?" Nikamwambia, "Naangalia wapi sasa? Ina vitaa tu." Akacheka. Akachukua simu yake, akaandika namba fulani kwenye kivinjari, ukurasa ukafunguka, ndani yake orodha. Tukahesabu vifaa 14.

Nyumbani kwangu tuna simu nne, kompyuta moja na TV. Vyote sita. Na simu moja kati ya hizo imefungiwa kabatini, imezimwa! Kwa hiyo vifaa tisa vilikuwa vya watu nisiowajua.

Wametoka wapi? Mwezi wa Shaabani tulikuwa na hitma ya kumrehemu mama yangu. Watu walijaa. Mtoto mmoja akaniomba waifai, wa pili akaomba, wa tatu akaomba. Nikachoka, nikaandika neno la siri kwenye karatasi kwa wino mzito, nikaibandika ukutani. Hitma ikaisha, watu wakaondoka, karatasi ikabaki pale wiki mbili. Aliyepiga picha kapiga, aliyemtumia mwenzake kamtumia.

Na kuna vijana waliokuwa wanajaa barazani kwangu kila baada ya Tarawehe. Mimi nikipita nasema mashaallah, nyumba hii ina baraka, watu wanaipenda. Kumbe wanapenda ukuta wa sebule.

Mpwa wangu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mjomba, hawa hawajavunja mlango. Mlango umeuacha wazi mwenyewe."

Nilimwita mwanangu wakati wa daku, nikamwomba radhi. Halafu nikaona haitoshi. Nilimtuhumu mbele ya watu, iweje nimsafishe sirini? Nikamwita mama yake na dada zake, nikasema mbele yao: nilikosea, hakuwa yeye, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Kijana akasema, "Yameisha, Baba." Yameisha kwake inshaallah. Mimi bado nayakumbuka kila nikiona taa za kile kiboksi.

*TUNAJIFUNZA NINI*

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anatukataza mambo matatu kwa mfululizo: dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Angalieni huo mpangilio. Mambo huanzia kwenye dhana, na mtu akishadhani huanza kuchunguza aibu za mwenzake, na akishachunguza huanza kusema. Mimi nilianza kwa dhana nikarukia moja kwa moja kwenye kusema.

Na sote tunaijua ile hadithi mashuhuri ya mchunga: kila mmoja wetu amekabidhiwa kitu na ataulizwa habari zake. Baba wa nyumba ni mchunga, mama wa nyumba ni mchunga. Sasa nyumba zetu za leo zina milango miwili. Wa mbao tunaujua. Tunaufunga kwa kitasa na komeo, na usiku tunarudi kuuangalia. Wa pili hauonekani, na usiku na mchana vinaingia na kutoka humo habari, picha, pesa za simu na mazungumzo ya watoto wetu. Wangapi kati yetu tunajua funguo zake ziko wapi?

Basi leo tuutafute ufunguo. Usiogope, haihitaji kuwa fundi. Kama unaweza kusoma darasa hili kwenye simu, na hilo unaliweza.

*UNAINGIAJE*

Rauta ina ukurasa wake wa mipangilio ndani yake. Ukurasa huo hauko kwenye intaneti, uko ndani ya kiboksi chenyewe. Ndiyo maana hata bando likiisha unafunguka. Fanya hivi:

*1.* Unganisha simu au kompyuta kwenye waifai ya nyumbani. Kama ni simu, zima data ya laini kwanza, maana simu nyingine hukwepa rauta na kupitia laini.

*2.* Geuza rauta uangalie chini au nyuma. Kuna kibandiko. Pale utakuta anwani ya rauta, jina la mtumiaji na nywila yake, na neno la siri la waifai. Anwani mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Rauta nyingi za laini ni 192.168.8.1, na baadhi za faiba ni 192.168.100.1.

*3.* Kibandiko kimefutika? Usihangaike. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya waifai, gusa alama ya i pembeni ya jina la waifai yako, ushuke mpaka penye neno Router. Kwenye simu nyingi za Android gusa jina la waifai yako utafute neno Gateway. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome mstari wa Default Gateway.

*4.* Fungua kivinjari, andika namba hizo pale juu kabisa panapokaa anwani. Usiziandike kwenye kisanduku cha kutafuta cha Google, utaletewa matangazo na kurasa za watu usiowajua. Simu ikikuonya kuwa ukurasa si salama, usishtuke. Inasema hivyo kwa sababu rauta nyingi hazina cheti kama cha tovuti kubwa. Muhimu uwe na hakika uko kwenye waifai yako na namba ni ile ya rauta yako.

*5.* Weka jina la mtumiaji na nywila. Umeingia.

*FUNGUO NI MBILI, SI MOJA*

Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Kuna neno la siri la waifai, hilo unampa mtu apate intaneti. Na kuna nywila ya kuingilia ukurasa wa mipangilio. La kwanza ni kama ufunguo wa mlango wa mbele. La pili ni kama hati ya nyumba: mwenye nayo anaweza kubadilisha vitasa vyote, akakufungia nje wewe mwenye nyumba.

Rauta nyingi, hasa za zamani, zimetoka kiwandani na jina "admin" na nywila "admin". Kila mtu duniani anajua hivyo. Mwaka 2016 ilienea programu mbaya iitwayo Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilikuwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani, jozi 60 na kidogo tu, ikawa inabisha kwenye kamera, vinasa picha na rauta za watu, inajaribu moja moja. Ikateka vifaa laki kadhaa namna hiyo. Oktoba mwaka ule ule vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watu wengi wa huko. Wenye kamera na rauta zile walikuwa wamelala majumbani mwao. Hawakujua kwamba vitu vyao vinatumika kudhuru wengine.

Tafakarini hilo. Mtu anaweza kuwa amefunga, anaswali, anatoa sadaka, na kitu chake kinadhuru watu kwa uzembe wake tu.

*MAMBO SABA YA KUREKEBISHA*

*Kwanza,* badilisha nywila ya kuingilia mipangilio. Anza na hii kabla ya zote. Kawaida iko kwenye sehemu iliyoandikwa System au Administration.

*Pili,* badilisha neno la siri la waifai. Lisipungue herufi 12. Usiweke namba yako ya simu, wala jina la mtoto, wala mwaka wa kuzaliwa, hayo majirani wanayajua. Njia rahisi ni kuunganisha maneno manne yasiyohusiana, mfano ngalawa, kijiko, mvua, kibatari, na namba mbili tatu katikati. Nyinyi yenu yawe mengine, haya ya kwangu sasa yamesomwa na darasa zima!

Ukishabadilisha, vifaa vyote vitakatika, pamoja na vyako. Ndivyo inavyotakiwa. Utaviunganisha upya kimoja kimoja. Kwa hiyo usifanye wakati mtu yuko kwenye kazi au mtihani. Baada ya Alasiri siku ya mapumziko ni wakati mzuri.

*Tatu,* angalia aina ya ulinzi, kwenye sehemu ya Wireless au WLAN. Chagua WPA2 au WPA3, au zote mbili kwa pamoja kama zipo. Ukikuta WEP, iondoe, maana imeshavunjwa tangu mwaka 2001 na kuifungua ni kazi ya dakika. Ukikuta Open, maana yake hakuna kitasa kabisa.

*Nne,* zima WPS. Hii ni ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane. Mwaka 2011 ilibainika kwamba namba hizo nane hukaguliwa kwa vipande viwili, kwa hiyo mwenye nia mbaya anahitaji kujaribu kama mara 11,000 tu badala ya mamilioni. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya saa chache.

*Tano,* zima ruhusa ya kuisimamia rauta ukiwa nje ya nyumba, inayoitwa Remote Management. Wengi wetu hatuihitaji, na wengine hawajui kama ipo.

*Sita,* tafuta sehemu ya kusasisha programu ya ndani ya rauta. Watengenezaji wakigundua tundu hutoa kiraka. Usipokiweka, tundu linabaki kwako. Wakati wa kusasisha usizime umeme.

*Saba,* washa waifai ya wageni, kama rauta yako inayo. Hii ina jina lake na neno lake la siri. Mgeni anapata intaneti, lakini hagusi kompyuta wala printa yako. Shughuli ikiisha unaizima. Laiti ningelijua hili siku ya hitma.

Ukimaliza, andika nywila zote mbili kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati zako muhimu. Na mwenzako nyumbani ajue ilipo. Leo upo, kesho Mungu ndiye ajuaye.

Tahadhari moja: nyuma ya rauta kuna kitundu kidogo kimeandikwa Reset. Ukikibonyeza kwa pini kama sekunde kumi, rauta inarudi ilivyotoka kiwandani. Hiyo ndiyo njia ya mwisho ukiwa umesahau nywila. Lakini inafuta kila kitu, na kwenye faiba inaweza kufuta hata mipangilio ya kampuni inayokuunganisha, ukabaki huna intaneti mpaka uwapigie. Usibonyeze kwa kujaribu jaribu.

*ORODHA SI HUKUMU*

Sasa tuje kwenye ile orodha. Utaikuta kwenye ukurasa wa rauta penye maneno Connected Devices, au Clients, au DHCP. Nawaomba, kabla hujaifungua, kumbuka kisa changu.

Jina usilolijua si lazima awe mwizi. TV ina jina lake, king'amuzi kina jina lake, printa ina jina lake, na mara nyingi ni herufi na namba zisizosomeka. Ile simu ya zamani uliyompa mtoto acheze nayo, nayo imo. Zaidi ya hapo, simu za sasa, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, hujificha kwa kutumia anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Simu moja inaweza kuonekana leo hivi na kesho vile, na wewe ukahesabu mbili.

Kwa hiyo hakikisha kwanza. Zima waifai kwenye kifaa kimoja, fungua upya orodha, uone kipi kimetoka. Andika. Nenda kifaa kingine. Dakika kumi na tano zinatosha nyumba nzima. Vikibaki vya ziada, hapo sasa unajua hali halisi.

Na ukijua, usipoteze muda kumzuia mmoja mmoja kwa anwani ya simu yake. Nimeeleza, anwani hubadilika, atarudi. Badilisha neno la siri, basi. Mlango umefungwa bila kumnyooshea mtu kidole.

*NA JIRANI JE?*

Kuna upande wa pili wa darasa hili, nao tusiukwepe. Huenda wewe msomaji si mwenye rauta. Huenda wewe ndiye ulie barazani.

Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, zinatufundisha tusiingie nyumba za watu bila kuomba idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Waifai ya mtu ni sehemu ya nyumba yake. Kulipata neno la siri kwa rafiki wa rafiki si idhini ya mwenyewe. Bando lina bei, na kila video unayoifungua inapunguza kitu alicholipia mwenzako. Tunajizuia na maji yetu wenyewe ya halali mchana kutwa, kisha usiku tunachukua cha mtu bila kumwambia? Ukiwa umefanya hivyo, mwendee mwenyewe, mweleze, umwombe akusamehe. Si aibu. Mmoja wa wale vijana alinijia baada ya neno la siri kubadilika, akasema, "Mzee, nilikuwa natumia, naomba unihalalishie." Nilimpenda kijana yule kuliko siku zote.

Akanieleza pia kwamba mdogo wake wa kike alikuwa anasomea mtihani wa kidato cha nne kwa waifai ile, na nyumbani kwao hawana bando. Nikanyamaza kidogo. Tisa wale nilikuwa nimewaweka kapu moja, kumbe mmoja wao alikuwa anatafuta elimu ukutani kwangu.

Sasa yule binti ana neno la siri la waifai ya wageni, kwa idhini yangu na kwa wazazi wake kujua. Rauta yangu inaniruhusu kuweka kikomo cha kasi upande wa wageni, kwa hiyo anasoma na sisi hatukwami. Ndugu zangu, intaneti ile ile iliyokuwa inachukuliwa, sasa inatolewa. Bando ni lile lile. Kilichobadilika ni idhini na nia, na hivyo viwili ndivyo vinavyogeuza kitu kuwa sadaka.

*KUCHUNGA SI KUPELELEZA*

Wazazi wengi mtaniuliza kuhusu watoto, na swali ni la haki. Rauta inaweza kusaidia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ratiba. Rauta nyingi zina sehemu ya Parental Control. Unaweza kupanga waifai ya simu fulani izime saa tano usiku na iwake baada ya Alfajiri. Katika mwezi huu inawasaidia hata sisi wakubwa, tunaosema "video moja tu" tukaja kushtuka daku imetupita.

Ya pili ni kichujio. Kwenye mipangilio kuna kitu kiitwacho DNS. Hicho ni kama kitabu cha anwani ambacho rauta inakiuliza tovuti fulani iko wapi. Unaweza kuiambia rauta iulize kitabu kinachokataa kutoa anwani za tovuti chafu. Kampuni ya Cloudflare inatoa kimoja bure: unaweka 1.1.1.3 nafasi ya kwanza na 1.0.0.3 nafasi ya pili. Kinazuia tovuti za uchafu na zenye virusi kwa nyumba nzima. Kumbuka tu kwamba baadhi ya rauta za kampuni haziruhusu kubadilisha sehemu hiyo.

Lakini nisiwadanganye. Mtoto akiwasha data ya laini, yuko nje ya rauta. Akiweka VPN, anapita juu ya ukuta. Kichujio ni uzio tu.

Na kuna mpaka ambao mimi najiwekea. Ratiba na kichujio nimewaambia watoto wangu wazi, tumekaa tukakubaliana saa, na simu yangu mimi pia imo kwenye ratiba. Huko ni kuchunga. Kukaa usiku ninafuatilia kwa siri mwanangu kafungua nini saa ngapi, nikitafuta kosa la kumshika nalo, hapo nimeshaingia kwenye kile Hujurat ilichonikataza. Nikiwa na wasiwasi wa kweli, namwita namuuliza. Safari hii namuuliza kabla ya kumtuhumu.

Maana fikirini, ndugu zangu. Saumu yenyewe haina kichujio. Hakuna anayekuona ukiwa bafuni na bomba liko wazi. Unaweza kunywa na hakuna atakayejua, na hunywi. Mwezi mzima Mwenyezi Mungu anatufundisha kujizuia pale ambapo hakuna mlinzi. Hicho ndicho tunachotaka kiingie kwa watoto wetu. Rauta itawalinda wakiwa sebuleni tu. Taqwa wataondoka nayo.

*KAZI YA LEO*

Kati ya sasa na futari, fanya mambo matatu:

1. Geuza rauta, piga picha kibandiko chake, uingie kwenye ukurasa wa mipangilio. Badilisha nywila zote mbili. Kama hujiwezi, mwombe mwanao akuelekeze. Mtakuwa mmekaa pamoja, na hilo peke yake lina kheri.

2. Hesabu vifaa vyako. Andika kila kimoja ni cha nani. Usimtaje mtu kwa ubaya mpaka umehakikisha.

3. Jiulize: kuna mtu nimewahi kumtuhumu bila hakika, nyumbani, kazini au mtaani? Mwendee leo. Na kama ulimtuhumu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu.

Mwenye swali kuhusu rauta yake aniandikie, lakini tafadhali *usinitumie picha yenye nywila yako!* Tumetoka kulizungumza sasa hivi.

Ewe Mola wetu, tulindie nyumba zetu, milango inayoonekana na isiyoonekana. Tusafishie nyoyo zetu na dhana mbaya. Wahifadhi watoto wetu tunapokuwa nao na tunapokuwa mbali nao. Tusamehe tuliowadhulumu kwa ndimi zetu, na uwape nao moyo wa kutusamehe. Mrehemu mama yangu na wazazi wetu wote waliotangulia. Taqabbal minna saumu na visimamo vyetu. Aamin.

Kesho inshaallah, siku ya 13: deni dogo dogo tunalolisahau.

Mtumie jirani yako darasa hili. Kama yumo kwenye orodha ya rauta yako, mtumie kwa upole zaidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.